Kazi iletwe ikiwa bado mbichi

Barua za mwezi huu nimezisomea kibarazani kwangu, hapa Soweto, Mbeya, mvua ikipiga bati mpaka nikazima redio. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa njia tofauti: sisi marafiki tunaochora, tunaotia batiki, tunaochonga, tunakaaje pamoja kuonyeshana kazi bila kudanganyana na bila kuumizana? Jambo hili liko moyoni mwangu. Kikundi chetu kimekaa Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miaka 14 sasa, na kama nina mchoro wowote wa maana nilioufanya, umepita mikononi mwao kwanza. Barua ya Iringa nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyozibeba nyingine zote.

Kamwene mama. Sisi ni marafiki wanne, tunakaa Kihesa, Iringa. Wawili tunachora, mmoja anafanya batiki, mwingine anaandika mabango ya maduka ila anapenda sana kuchora sura za watu. Tulikubaliana tukutane kila baada ya wiki mbili tuonyeshane kazi. Miezi ya kwanza ilikuwa "safi sana", "umetisha", tunakunywa chai tunaondoka. Nikaona hatukui. Mwezi uliopita nikaamua kusema ukweli. Mwenzetu alileta picha ya mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ameimaliza, ameshaiwekea na fremu. Nikamwambia mkono wa mgema umekaa kama wa sanamu, na rangi za nyuma zimechafuka. Alinyamaza, akaifunika picha yake kwa khanga, na hajarudi tena. Wenzangu wananiona mimi ndiye niliyevunja kikundi. Nilikosea wapi?
*Mchoraji, Kihesa*

Kamwene, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na neno lililonishika ulilitaja kwa kupita tu: ameshaiwekea fremu. Hapo ndipo penye jibu. Kusema ukweli hukukosea. Ukweli wako ulichelewa. Mtu aliyekwisha kununua mbao, akazikata pembe, akapigilia misumari na kupaka vanishi, hakuja kwenu kuuliza mkono umekaaje. Alikuja kuonyesha. Ungemwambia habari ya mkono siku ile kitambaa kina mkaa tu, angeupangusa na kuuchora upya palepale mkimtazama. Baada ya fremu, maneno yaleyale yanamwambia kwamba mwezi wake mzima umepotea.

Kwa hiyo kwetu kuna sharti moja lisilovunjwa: kazi iletwe ikiwa bado mbichi. Mchoraji alete mkaa, au rangi ya kwanza. Wa batiki alete kitambaa kabla ya nta ya pili. Mchongaji alete gogo ambalo upande mmoja bado lina magome. Iliyokamilika nayo inakaribishwa, lakini hiyo tunaifurahia na kuipigia makofi, na mjadala wake unaishia hapo.

Nikupe mfano, nao ni wa mgema vilevile. Mwaka juzi nilichora mgema wa ulanzi kwa mkaa kwenye kitambaa cha marekani cha mita moja. Nilimsimamisha mzee chini ya mianzi mirefu, mikono juu, kisu kinang'aa, majani yanamwangukia mabegani. Ile mikono iliyonyooshwa niliipenda mno. Jumamosi hiyo mwenzetu mchongaji alikuja na shemeji yake kutoka Mufindi, mtu wa shamba, maishani hajashika brashi. Tukamkaribisha, akakaa na kikombe chake. Ilipofika zamu yake ya kusema anachokiona, akasema kwa upole, "Namwona mzee anagema mwanzi uliozeeka." Tukamwomba aeleze. Akainuka, akaweka kiganja usawa wa kiuno chake. Ulanzi, alisema, unatoka kwenye mwanzi mchanga, huu unaochipuka na mvua. Ncha yake unaikata kidogo asubuhi, jioni unaikata tena, na mbeta unaifunga hapo ulanzi udondokee ndani. Ukishakuwa mrefu hivi na matawi yake, huo ni wa kujengea.

Nilichukua tambara nikafuta nusu ya picha mbele yao. Dakika 10 hazikufika. Kisha nikamwomba shemeji aonyeshe tena vile anavyogema, na alipoinama, mgongo ukapinda, uso ukasogea karibu kabisa na kiganja chake, kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu. Nikamchora hivyo. Mpaka leo hiyo ndiyo picha yangu ninayoipenda kuliko zote, na mkao wake nilipewa na mkulima wa Mufindi kabla chai yake haijapoa. Lakini nisikufiche: ningekuwa nimeshapaka rangi, siku ile ningemchukia.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana mimi nami nimeumiza mtu. Kikundi chetu kilipokuwa bado kichanga, kijana mmoja wa miaka 19 alileta picha ya soko. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kusahihisha madaftari ya darasa zima, nikaitazama kazi yake kwa muda wa nusu kikombe cha chai, nikasema, "Hapa hakuna kitu." Maneno matatu. Aliondoka kwa miguu katika manyunyu, picha iko kwapani, hakuifunika. Hakuja tena. Baada ya miezi saba nilimtafuta mpaka nikampata kwenye kibanda anauza vocha za simu, akaniambia tangu siku ile hajachora. Nilimwomba radhi hapo hapo, watu wakinunua vocha. Alinisamehe, lakini kuchora hakukurudi. Na picha yake naiona mpaka leo. Kwenye kona ya chini kulikuwa na mwanamke amelala juu ya magunia ya viazi, mkono mmoja umening'inia, na ule mkono ulikuwa hai. Niliuona. Sikuutaja.

Ndipo tukaanza kutafuta utaratibu. Sehemu kubwa ya tunaoutumia tumeupata kwa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, ambaye tangu mwaka 1990 amekuwa akiufundisha utaratibu wake wa wasanii kuhakikiana kazi. Yeye ni mtu wa jukwaani, lakini kwenye picha unafaa vilevile. Anataka awepo msimamizi, na mambo yaende kwa hatua nne.

Watazamaji wanaanza kwa kusema kilichowashika. Neno "nzuri" halihesabiki. Mtu aseme, "Jicho langu linarudi kwenye kile kisu," au "Upande huu nasikia baridi." Katika hatua hii ndipo yule mwanamke wa juu ya magunia angetajwa, na kijana wangu angerudi nyumbani na kitu mkononi. Kisha mwenye kazi anauliza yeye, kile kinachomsumbua: "Huyu mzee anaonekana amechoka au amelewa?" Wanajibu hilo tu. Baada yake watazamaji nao wanauliza, na hapa ndipo vikundi vingi hujikwaa, maana swali halitakiwi kuwa na hukumu tumboni. "Kwa nini anga umelifanya zito hivi?" ni lawama. "Hii ni saa ngapi ya siku?" ni swali, na mara nyingi mwenye kazi akijaribu kulijibu ndipo anapogundua mwenyewe kwamba hakuamua ni saa ngapi. Mwisho kabisa ndiyo maoni, nayo yanaombewa ruhusa: "Nina neno kuhusu mkono wa mgema, nikuambie?" Mwenye kazi ana haki ya kusema, "Leo hapana." Mwanzoni niliona haya mambo ya kuombana ruhusa ni ya kujichelewesha. Nimebadilika. Mtu aliyekubali kusikia hukaa mbele ya kiti chake, anasikiliza kwa mwili mzima.

Sisi tumeongeza kimya. Kazi ikishawekwa juu ya stuli, imeegemea ukuta, hakuna anayesema kwa dakika tatu. Wengine husogea, wengine hutoka hadi getini waitazame kwa mbali, wengine hufumba macho nusu ili mambo madogo yapotee zibaki sehemu za mwanga na za giza. Kisha tunaigeuza kichwa chini miguu juu. Picha ikigeuzwa, jicho linasahau kwamba ule ni uso na ule ni mlima, linaona maumbo na uzito tu, na kama upande mmoja umelemewa utauona hata kabla hujaambiwa.

Kuhusu rafiki yako, usimwandikie ujumbe. Nenda kwake, na usiende mikono mitupu. Beba kazi yako mwenyewe, ile mbichi kabisa unayoona haya kuionyesha, umwombe aitazame yeye kwanza. Na picha yake ya mgema ukiikuta imetundikwa, tafuta ndani yake kile ulichokiona siku ile ukanyamaza nacho. Najua kipo, kwa sababu mtu haumizwi na mkono mmoja uliokaa vibaya katika kazi isiyo na kitu.

Shikamoo mama. Kwenye kikundi chetu nilionyesha michoro ya penseli ya wachuma chai wa Lupembe, nikaeleza nataka kufanya picha tano zinazofuatana, kuanzia alfajiri kwenye ukungu mpaka jioni kwenye mzani. Miezi miwili baadaye rafiki yangu naye ana picha za wachuma chai, na ameshauza mbili. Nimeumia. Naweza kumshtaki?
*Dada wa Njombe*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na sheria maana umeiuliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yako tangu unapoichora, hata kama hujaisajili popote, na ulinzi huo unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Lakini inacholinda ni mchoro wenyewe, namna ulivyoupanga na kuuchora. Wazo hailindi. Wachuma chai wa Lupembe ni wa kila mwenye macho. Kama rafiki yako amenakili mchoro wako, mama yuleyule na tenga lake, mstari kwa mstari, hapo una neno, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndipo pa kupeleka swali. Kama amekwenda mwenyewe shambani akachora wachuma chai wake, mahakamani huna kitu.

Hata hivyo nakuelewa, maana kilichokuuma si sheria. Ulifungua moyo mbele ya watu, mmoja akachukua akaondoka bila hata kukuambia. Muulize ana kwa ana, mkiwa wawili, kabla hujamsema kwa wengine: "Zile picha zilianzia kwenye michoro yangu?" Huenda akasema ndiyo, na huenda hajajua kwamba alikosa. Wengi wetu tunakula kwa macho siku nzima na jioni hatukumbuki tulikula kwa nani.

Katika kikundi chetu tuna desturi ambayo imetuponya na jambo hili. Nyuma ya kila kazi, kwenye kitambaa, mwenyewe anaandika tarehe na anaandika alichopewa na nani. Nyuma ya mgema wangu pameandikwa: *mkao, shemeji wa Mufindi*. Nyuma ya batiki moja ya mwenzetu pameandikwa jina langu, kwa sababu ya rangi ya kahawia niliyomchanganyia siku moja. Nilipouona mwandiko ule nilifurahi kuliko siku nilizouza picha. Na wewe michoro yako ya penseli itie tarehe leo hii. Halafu zifanye hizo picha tano. Ile ya mzani, yeye hana. Umesema ameuza mbili za wachumaji, hukusema ana picha ya watu wamesimama jioni na magunia yao wanatazama mshale wa mzani. Hiyo ni yako, nami ningependa kuiona.

Sisi tulisoma pamoja, sasa mmoja yuko Tukuyu, mmoja Vwawa, mimi niko Chunya. Tunaonyeshana kazi kwa simu tu. Tatizo rangi zinakuja tofauti kabisa, kijani cha mwenzetu wa Tukuyu tunakiona kama bluu, tunamkosoa kumbe hakukosea. Tufanyeje?
*Msomaji, Chunya*

Mwanangu, mambo mengi ya hivi ni ya taa. Msipige picha ya kazi usiku chini ya balbu, wala msiwashe flashi, wala msiiweke kwenye jua kali. Itoeni nje asubuhi, kama saa 3 au saa 4, kwenye kivuli cha nyumba. Tukuyu siku ya mawingu ni mwanga mzuri kuliko wote, huyo mwenzenu ana bahati asiyoijua. Simu ishikwe sambamba na kazi, isiinamie, la sivyo watu wote watakuwa na miguu mifupi. Na pembeni ya kazi weka karatasi nyeupe iingie kwenye picha. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaambia: ikionekana ya bluu kwenye simu yenu, basi na kijani chake kimevutwa kuelekea bluu, msimlaumu.

WhatsApp hubana picha ili zipite haraka, na mikwaruzo midogo ya brashi hupotea humo. Mkiituma kama dokumenti inafika ilivyo. Halafu pigeni na ya pili, igeuzeni kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu. Hiyo haidanganyi sana kuhusu rangi kwa kuwa rangi hazimo, na itawaonyesha kama mwanga na kivuli vimekaa sawa. Michoro mingi inayosemwa "rangi zimegoma" ukiiona bila rangi utakuta kila kitu kina giza la kadiri moja.

Tumeni hatua zake pia, mkaa, rangi ya kwanza, ya pili, kila moja siku yake. Na maoni yenu msiyaandike, yasemeni kwa sauti. Nimeshaona urafiki wa miaka ukitetereka kwa ajili ya "mkono vp?" iliyoandikwa na mtu anayekimbilia daladala. Sauti inabeba upole ambao maandishi ya simu hayawezi.

Kikundi kizuri kiwe na watu wangapi? Na lazima wote wawe wachoraji?
*Makambako*

Watano wanatosha, saba ni wengi. Tukiwa watano kila mmoja anapata kama nusu saa na tunamaliza kabla ya giza. Mkizidi, wa mwisho anahakikiwa na watu wanaotazama saa. Na wote wasiwe wachoraji, tafadhali. Umesoma habari ya shemeji.

Mama, shikamoo. Niko Songea. Marafiki zangu wananicheka kwamba kila ninachochora kinafanana na Tingatinga, wanyama wa rangi kali na madoa madoa. Wanasema nitafute vitu vyangu. Lakini mimi navipenda. Msukumo mpya mtu anautoa wapi?
*Kijana wa Songea*

Marahaba, mwanangu. Unajua aliyekupa hayo madoa ni jirani yako? Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilaya ya Tunduru, barabara hiyo hiyo inayotoka kwenu kuelekea mashariki. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu. Alichukua hadibodi, zile za dari, na rangi za mafuta ambazo watu walikuwa wanapakia baiskeli. Alichora kwa kilichokuwepo. Na ndugu na jamaa zake walikaa karibu naye, wakamtazama, wakajifunza kwa kutazama, wakaendelea alipoishia. Kwa hiyo hiyo unayochekewa ilikua kwenye kikundi, ya watu waliochora wakiwa wamekaa pamoja.

Usiiache kwa sababu ya kuchekwa. Ila jiulize kitu kimoja: yule chui unayemchora, umewahi kumwona? Au umemwona kwenye picha ya mtu aliyemwona kwenye picha ya mtu? Hapo ndipo marafiki zako wana hoja, hata kama wameisema vibaya. Chora mbuzi wa jirani kwa madoa yale yale. Chora kuku wa mama akiwa amelowa mvua.

Kikundi chetu mara moja kwa mwezi hatuleti kazi kabisa. Kila mtu analeta kitu kimoja kilichomsimamisha njiani, akiweke mezani, aeleze kwa nini. Nimeletewa kipande cha bati lenye kutu lenye rangi saba ndani yake. Nimeletewa kikapu cha milulu cha Iringa ambacho mfumaji alikosea mstari mmoja, akaendelea nao mpaka juu ukawa pambo. Nimeletewa chungu cha Wakisi kutoka Matema, kimebebwa kwenye basi magotini kwa kuogopa kisivunjike, na tulikizungusha mezani saa nzima kutazama mahali vidole vya mama aliyekifinyanga vilipopita. Hakuna aliyekuja na picha ya mtu mwingine. Wiki iliyofuata watu wawili walichora kutokana na kile chungu, na picha zao hazikufanana hata kidogo.

Ukipita Iringa, panda Igeleke, karibu na mjini, ukaone michoro myekundu iliyoachwa mwambani na watu wa zamani sana. Nilipeleka watoto wa shule pale nikiwa mwalimu. Mtoto mmoja wa darasa la nne alisimama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu aliyechora, wenzake walimwambiaje?" Sikuwa na jibu, na swali lake nimekaa nalo mpaka nimezeeka.

Naishi Makete. Rangi zangu za akriliki mwezi wa 6 na wa 7 zinapasuka kwenye kanvasi, na nikizipeleka Njombe kwa wenzangu kwenye basi zinafika zimebanduka. Wananiambia napaka vibaya. Napaka kama siku zote.
*Mama mchoraji, Makete*

Dada yangu, nakuamini. Ni baridi. Akriliki ni chembe ndogo ndogo ndani ya maji. Maji yakikauka chembe zinashikana zinakuwa ngozi moja. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi hazishikani vizuri, na huko kwenu mwezi wa 6 asubuhi hufika chini ya hapo kwa urahisi. Juu juu utaona imekauka, kumbe ni dhaifu, na ukiipasha joto kesho yake haijirekebishi. Paka kuanzia saa 5 mchana hadi saa 9, chumba kinachopigwa na jua, na kazi ilale ndani, isilale kwenye sakafu ya saruji. Maji kwenye rangi yapunguze, maana nayo yanaidhoofisha. Na nakuomba sana, usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili rangi ikauke. Moshi wake usioonekana unaua.

Kwa basi, usikunje kazi, izungushie kwenye bomba la plastiki la inchi 4 au zaidi, lile la maji machafu, upande wenye rangi uwe nje. Wengi huuweka ndani wakidhani wanaulinda, na ndani ndiko unakobanwa ukajikunja. Juu yake weka karatasi ya kuokea keki, nailoni hapana, akriliki huganda nayo. Na usiizungushe alfajiri kabla ya basi, rangi ikiwa na baridi ni ngumu na inakatika. Fanya hivyo jana yake mchana, ikiwa na joto la chumba, uifunge kwa vitambaa laini bila kuikaza, na kwenye basi uishike mwenyewe.